Holiday na Porzingis nimewasamehe, ila Kornet na Horford Boston wanieleze

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Najua humu jukwaani kila uzi ni Simba na Yanga, lakini tupo wachache wenye ugonjwa wa kikapu, na ndani ya hao wachache kuna kikundi kidogo zaidi cha wagonjwa wa Boston Celtics. Uzi ni wetu. Watu wa Lakers karibuni pia, ila kaeni huko nyuma na msiguse kitu.

Nimevumilia tangu Juni. Leo nimeshindwa. Oktoba 2025 ndiyo hii, ligi ya NBA inaanza wiki chache zijazo, na nimesoma kwamba Al Horford amesaini Golden State. Ngoja niyatoe yote.

Turudi usiku wa Mei 12 kuamkia 13. Nipo Tabata, chumba kimoja, mke na mtoto wamelala, mimi nimekaa mlangoni juu ya ndoo niliyoigeuza kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika. Sauti nimezima. Mechi ya nne ya mtoano raundi ya pili na New York, Madison Square Garden. Nyota wetu Jayson Tatum ana pointi 42, yaani yupo kwenye ile hali ambayo hata akitupa kiatu kinaingia. Robo ya nne, zimebaki kama dakika tatu, mpira unaponyoka, anaufuata, anaanguka. Hakuna aliyemgusa. Anashika mguu chini kwenye kisigino, uso umekunjamana. Wakati huohuo msikiti wa jirani adhana ya alfajiri inaanza. Nikajua. Mtu akianguka peke yake akashika pale, hiyo ni kano imekatika.

Basi, ile ni kudra. Sina ugomvi na kudra. Ugomvi wangu ni na yale yaliyofanywa baadaye na watu wazima, wamekaa kwenye viti, wana kalamu mkononi.

Jrue Holiday kapelekwa Portland, tukapewa Anfernee Simons. Porzingis kapelekwa Atlanta, tukapewa Georges Niang, ambaye hata jezi ya kijani hajaitoa jasho akasukumwa Utah. Luke Kornet kaondoka bure, San Antonio wamempa dola milioni 41 kwa miaka minne. Na sasa mzee wetu Horford, miaka 39, kaenda kumalizia uzee kwa kina Curry.

Hii ni timu iliyochukua ubingwa 2024 kwa kuifunga Dallas 4-1. Ubingwa wa 18. Msimu uliofuata ikashinda mechi 61. Halafu ndani ya kiangazi kimoja masenta wote watatu, wale warefu wa chini ya kikapu, Porzingis, Kornet na Horford, wameondoka. Watatu! Hata mtu akihama nyumba huacha angalau msumari ukutani.

Holiday na Porzingis nimewasamehe, nasema ukweli. Kila mmoja mshahara wake msimu huu unapita dola milioni 30, na Holiday ana miaka 35. Hiyo hesabu hata mimi muuza vifaa vya simu Kariakoo naielewa. Ila Kornet wa milioni kumi kwa mwaka? Horford ambaye msimu uliopita alilipwa kama milioni tisa na nusu? Hao nao walikuwa ghali?

Na nisisahau: nina jezi ya Holiday namba 4. Nimeinunua mwenyewe Karume, muuzaji alianza na 25,000, tukavutana mpaka 12,000, akaniapia kwa mama yake kwamba ni gredi ya kwanza. Sasa niivae niende nayo wapi?

#2

Nimekaa siti ya dirishani. Konda twende.

#3

Poleni sana majirani. Mwaka jana mlitutambia humu, eti nyie ubingwa 18 sisi Lakers 17. Sisi tumempata Luka Doncic, nyie mmebaki na Jaylen Brown na picha za ukumbusho. Mleta uzi, hiyo jezi ifanye tambara la kufutia pikipiki.

#4

Mkuu #3, Luka mnaye na raundi ya kwanza mkatolewa na Minnesota 4-1. Kaa chini.

#5

Kaka mleta uzi, pole. Mimi ni mhasibu, ofisi yangu ipo Posta, na hii timu naipenda tangu ile ya Garnett, Pierce na Ray Allen iliyochukua ubingwa 2008. Naomba nikutetee nusu na nikupinge nusu. Wenye haraka ruka, nitaandika ndefu.

Watu wanasema mmiliki bahili. Ubahili upo, siukatai, lakini kuna sheria hapa ambayo wengi humu hawaijui. Ligi ina ukomo wa mishahara. Msimu huu wa 2025/26 ni dola milioni 154.6. Ukomo huo si ukuta, unaruhusiwa kuuvuka ili kubaki na wachezaji wako mwenyewe. Ukipanda mpaka milioni 187.9 unaingia kwenye kodi ya anasa. Juu yake kuna mistari mingine miwili wanayoiita aproni. Aproni ya kwanza ni milioni 195.9, ya pili ni milioni 207.8. Aproni ya pili ililetwa na mkataba wa ligi na wachezaji wa 2023, na hiyo ndiyo iliyoiua timu yetu.

Kodi yenyewe haiendi sawasawa. Chukulia umeme wa LUKU wa nyumba ndogo. Ukikaa ndani ya uniti 75 kwa mwezi, uniti moja shilingi 100. Ukivuka tu, kila uniti ya ziada 350. Na ukiwa na tabia ya kuvuka vuka, unaondolewa kabisa kwenye lile daraja la bei rahisi. Sasa Boston ndiyo yule mpangaji mwenye friji, pasi, jiko la umeme na redio ya sabufa, halafu mwezi wa ngapi sijui anavuka. Wangebaki na kikosi kilekile, mishahara pamoja na kodi ingepita dola milioni 500 kwa msimu mmoja. Nusu bilioni, na Tatum amekaa na kiatu cha plasta.

Lakini pesa si sehemu mbaya zaidi. Tuseme tajiri amekubali kulipa. Ukiwa juu ya aproni ya pili huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili upate mmoja mkubwa. Huruhusiwi kuweka hata senti ya pesa taslimu kwenye mabadilishano. Ile nafasi ndogo ambayo timu nyingine zinaitumia kusajili mchezaji wa kati, wewe huna. Chaguo lako la raundi ya kwanza la miaka saba mbele, yaani zamu yako ya kuchagua wachezaji wapya wanaoingia ligi, linafungiwa, huwezi kuliuza, na ukiendelea kukaa juu linasogezwa mpaka mwisho wa foleni hata kama umeshika mkia. Kwa hiyo unalipa nusu bilioni ili ufungwe mikono na miguu. Brad Stevens mwenyewe, bosi wa usajili wa Celtics, hakuficha, alisema aproni ndiyo sababu.

Na si Boston peke yao. Denver walichukua ubingwa 2023, kiangazi hichohicho Bruce Brown akaenda Indiana, mwaka uliofuata Caldwell-Pope akaenda Orlando. Minnesota wakamtoa Karl-Anthony Towns kwenda New York. Towns huyohuyo ndiye aliyekuja kututoa mwezi wa tano. Hebu fikiria, tumepigwa na mtu aliyesukumwa na aproni, halafu aproni ikatumalizia sisi wenyewe. Tangu 2019 mpaka 2025 ligi imepata mabingwa saba tofauti kwa miaka saba. Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, sisi, Oklahoma City. Hakuna aliyerudia. Ndivyo wanavyotaka.

#6

Aproni mimi naijua ya mama ntilie wa pale Mnazi Mmoja. Kumbe na Marekani ina masharti. Yule wetu ukimwambia wali umepoa anakuonyesha mlango, naye nadhani yupo juu ya aproni ya pili.

#7

Rudini kwenye mpira wa miguu wakubwa. Huko mnalala saa ngapi?

#8 (Mleta uzi)

Dada #5, asante, na mfano wa LUKU umenigusa maana hapa tulipo nyumba nzima ni mita moja na mwenye nyumba hatuelewani kuhusu pasi.

Ila umenipa hesabu ya Holiday na Porzingis, ambao nilishawasamehe. Mimi nauliza ya wadogo. Na kuna hesabu nyingine hujaigusa. Kundi la Wyc Grousbeck liliinunua hii timu 2002 kwa dola milioni 360. Mwaka huu wameiuza kwa kundi la Bill Chisholm kwa thamani ya dola bilioni 6.1. Mtu akinunua ng'ombe kwa milioni moja akamuuza kwa milioni kumi na saba, aniambie tu kwamba hana hela ya majani? Na huyu mpya, mzaliwa wa Massachusetts, anajiita shabiki tangu utotoni. Shabiki gani anaanza kwa kufagia sebule?

Halafu Kornet. Naomba wasiomjua wanisikilize. Luke Kornet ni senta mrefu kama mnazi, hana madoido, nywele zake zimekaa kama ameamshwa. Ana kituko kimoja. Mpinzani akiwa nje kwenye mstari wa pointi tatu anataka kutupa, Kornet yupo chini ya kikapu, mbali kabisa, hawezi kumfikia. Basi anaruka palepale alipo, mikono juu, wima, ili amkinge macho asione ringi. Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Watoto wa mtaani kwetu wanaiga. Wana ringi ya nondo waliyoifunga kwenye nguzo, mmoja akitaka kutupa, mwingine anarukia huko kwenye mtaro, mikono juu, anapiga kelele "Koneeet!" Hawajui hata anatoka wapi.

Na si kituko tu. Mechi ya tano na New York, Tatum ndiyo kaumia juzi, sote tumeshaanza kuvaa nguo za msiba, Kornet alizuia mitupo saba. Saba. Tukashinda 127-102. Huyo ndiye mliyemwachia aende bure?

#9

Wanangu, mimi ni mtu mzima kidogo, naomba nichangie. Nimecheza kikapu hapa Dar miaka ambayo viatu vyenyewe tulikuwa tunapokezana, unaingia uwanjani na kiatu cha mwenzako kina joto.

Haya mambo ya wachezaji kubadilishwa kama viazi sokoni wengi wetu tuliyajua kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 Memphis walimchukua namba 2, kijana wa hapahapa Dar, mbele ya James Harden aliyechukuliwa wa 3 na Stephen Curry wa 7. Tulishangilia kana kwamba tumechukuliwa sote. Februari 2011 tukasikia yupo Houston. Kijana mmoja pale kiwanjani aliniuliza, "Kwani kawakosea nini?" Nikakosa jibu. Tulidhani mchezaji anaondoka timu akigombana na kocha, kama huku kwetu. Baadaye akaonekana Portland, kisha Oklahoma City, tukazoea.

Lakini nataka niwaambie ya huku, maana mleta uzi analia kana kwamba Boston ndio wa kwanza kuvunja timu iliyoshinda. Niliwahi kuwa kwenye timu moja ya mkoa, jina naliweka mfukoni. Tulichukua kombe la mashindano fulani, fainali ilipigwa uwanja wa Don Bosco, Upanga. Tumeshinda kwa pointi tatu. Watu wanatubeba. Nipo bado juu ya mabega ya watu naona kiongozi wetu ameshika kiroba, anapita anakusanya jezi. Jasho bado linachuruzika. Akazihesabu pale kwenye benchi, akakuta moja imepungua, akaanza ugomvi mbele ya wageni. Kombe lipo chini ya meza, hakuna anayelitazama.

Tuliahidiwa nauli ya mazoezi, haikuja. Tukaahidiwa itakuja baada ya fainali. Msimu uliofuata wawili walienda timu za majeshi kwa sababu kule mtu anapata na ajira, mmoja akaenda Arusha kwa mjomba wake, mimi goti likanistaafisha. Hakuna aliyetangaza kwamba timu imevunjika. Siku moja nilifika mazoezini saa kumi jioni nikakuta watoto wanacheza chandimu.

Ile jezi iliyopungua ninayo mimi. Namba 11.

#10

Mzee #9 shikamoo. Hii habari ya jezi namba 11 uanzishie uzi wake kabisa. Na kiongozi mlimrudishia nini?

#9

Marahaba mwanangu. Nilimrudishia salamu tu, kila tulipokutana.

#11

Sisi wa Golden State tunasema asanteni kwa Horford. Curry ana miaka 37, Butler 36, Green 35, na sasa mzee wa 39. Tunakwenda kugombea ubingwa na kikokotoo kwa pamoja.

#12

Mimi ni Celtics damu lakini mleta uzi umetawaliwa na hisia. Hebu tuwe wakweli. Ile timu haikuwa takatifu. Mechi ya kwanza na ya pili dhidi ya New York, nyumbani kwetu, tulikuwa mbele kwa pointi 20 zote mbili na tukapoteza zote mbili. Mechi ya kwanza tumetupa pointi tatu mara 60, zimeingia 15. Sitini! Mtu anakosa, anakosa, anakosa, kocha Mazzulla anatazama tu kama anasubiri mwendokasi. Mechi ya sita tukapigwa 119-81. Hiyo kano ya Tatum haihusiki na mechi mbili za kwanza.

Tatum msimu huu pengine hatutamwona. Sasa ulitaka tulipe nusu bilioni ili tutolewe raundi ya pili tena? Tazama Milwaukee. Nyota wao Damian Lillard naye alikatika kano hiyohiyo Aprili. Walichofanya, wakamwacha, deni lake la dola milioni 113 wakalitandaza kwa miaka mitano, yaani kila mwaka zaidi ya milioni 22 zinakwenda kwa mtu ambaye hachezi kwao, ili tu wampate Myles Turner. Huko ndiko kuchanganyikiwa. Sisi tumepunguza mizigo kwa utaratibu, tumebaki na Brown, White, Pritchard, Hauser, na Tatum anapona taratibu.

Na kama unataka kucheka ili usilie: 2023 Milwaukee walimtoa Holiday kwenda Portland ili wampate Lillard. Portland hawakumtaka, ndani ya siku chache wakamleta kwetu. Akatupa ubingwa. Sasa tumemrudisha Portland, na Lillard naye baada ya kuachwa karudi Portland. Wamekutana. Mvulana uliyeachwa kwa ajili yake na wewe mwenyewe mmepanga nyumba moja.

#13

Mkuu #12 huo mfano wa mwisho umeniacha hoi.

#14

Mimi naomba kuuliza kitu cha kijinga. Simons ni nani hasa? Maana nasikia tu jina.

#15

Mkuu #14, mfungaji. Miaka 26, Portland alikuwa na wastani wa pointi 19 na ushei kwa mechi. Ulinzi hana. Ukimpa mtu amzuie, huyo mtu anafurahi. Mshahara wake karibu milioni 28 lakini mkataba unaisha mwisho wa msimu huu, ndiyo sababu wamemchukua. Holiday alikuwa bado anadai zaidi ya milioni 100 mpaka 2028. Wamebadilisha deni refu kwa deni fupi. Na ilikuwa tupewe na chaguo mbili za raundi ya pili juu yake, baadaye dili likarekebishwa zikaondolewa.

#8 (Mleta uzi)

Ona sasa! Hata chenji hatukupewa.

Mkuu #12 nimekusoma. Sitini kwa kumi na tano naikumbuka, usiku ule nilizima simu nikaiweka kwenye kabati la vyombo. Lakini hujajibu. Nani anakaa chini ya kikapu? Tumebaki na Neemias Queta, kijana wa Kireno, ana moyo, ila hajawahi kuanza msimu mzima. Tumemleta Luka Garza. Tumemleta Chris Boucher, mwembamba kama mwanzi. Mechi ya kwanza ni Philadelphia. Siku senta wao Embiid akiwa mzima, mnajua Embiid anakaa kiasi gani? Ni kama kumzuia lori la mchanga pale Mwenge kwa mikono.

Horford ndiye aliyekuwa anamjulia. Miaka yote. Hakuwa anaruka, hakuwa anamsukuma, alikuwa anaweka tu kifua na kusimama, Embiid anajigonga anachoka. Unaweza kumfundisha nani hiyo kwa wiki mbili?

#5

Kaka, nimerudi, nilikuwa kwenye foleni ya Morogoro Road, kwa hiyo nimepata muda wa kufikiri.

Horford naomba umtoe kwenye orodha ya dhambi. Mchezaji wa miaka 39 ambaye amebakiza msimu mmoja au miwili, ukimwambia mwaka huu tunapumzika, naye anataka kombe la pili. Hakufukuzwa. Alitazama kikosi akaona mwenyewe. Alikuja ligi 2007, akasubiri mpaka 2024 ndipo avae pete. Mtu kama huyo humwombi abaki asubiri.

Kornet ndiyo umenibana. Nimekaa na kalamu. Hoja ya Boston ni kwamba kwa pale walipokuwa, dola moja ya Kornet haikuwa dola moja. Ilikuwa dola moja ya mshahara, halafu juu yake dola nyingine kadhaa za kodi. Kwa hiyo Kornet wa milioni kumi kwa San Antonio, kwetu angekuwa Kornet wa mamilioni mengine juu kwa mwaka. Ni Kornet yuleyule, kituko kilekile. Ukiwa juu ya mstari, mtu wa bei nafuu ndiye anayekuwa ghali kuliko wote, kwa sababu nyota huwezi kumgusa, ana mkataba. Brown ana mkataba wa zaidi ya dola milioni 300, Tatum ana wa milioni 314. Hao hawaguswi. Anayekatwa ni yule ambaye mkataba wake umeisha mwaka mbaya.

Nimeona hiyo kitu ofisini kwangu zamani, na ofisi siitaji. Bajeti ilipobana hawakugusa magari ya wakubwa. Walianza na chai ya saa nne, kisha yule kaka wa mapokezi aliyejua majina ya wateja wote. Kwenye karatasi tuliokoa kidogo sana. Wateja walikuwa wanaingia wanamuulizia yeye mpaka mwaka ukaisha.

Kwa hiyo kwa Kornet nakupa nusu. Hesabu yao ni sahihi, ila walitakiwa wamuuze mtu mwingine mapema ili hesabu ya Kornet isifike huko. Miezi mitatu kabla, si baada. Hilo ni kosa, na nitasema hata mbele ya Stevens.

#16

Dada #5 akigombea uongozi wa timu yoyote ya kikapu hapa mjini, kura yangu anayo na nauli naleta mwenyewe.

#9

Mwanangu mhasibu, hapo kwenye kaka wa mapokezi umesema kweli tupu. Kwenye timu yetu alikuwa kijana wa maji. Alipoacha kuja ndipo tulipojua ndiye alikuwa anatujulisha ratiba.

#3

Jamani mbona mmegeuza uzi kuwa kitchen party ya huzuni. Mleta uzi, nina ofa. Hiyo jezi ya Holiday nakupa 8,000 nimvalishe mdogo wangu, anashabikia Portland tangu wamrudishe Lillard. Nipo Buguruni, tukutane Tazara.

#8 (Mleta uzi)

Dada #5 nusu nimeipokea. Nilikuwa nataka mtu mmoja tu humu aniambie sijawa kichaa.

Mkuu #3, 8,000 yako weka. Jana nilimpelekea fundi cherehani hapo Tabata Relini, nikamwambia atoe hiyo 4 aweke 9 ya Derrick White, maana huyo hajaondoka. Fundi akaigeuza, akaikuna kwa ukucha, akasema namba imechomwa kwenye kitambaa, akiitoa itabaki alama ya 4 iliyofifia na 9 itakaa juu yake isomeke kama kitu cha ajabu. Akataka 5,000. Nikaikunja nikarudi nayo. Asubuhi nimemkuta mke kamvalisha mtoto, inamfika chini ya magoti, yupo uani anaruka mikono juu kumkinga kuku asione.

Nimemwachia.

Philadelphia ni usiku wa Jumatano Oktoba 22 kuamkia Alhamisi, manane. Mwenye king'amuzi kilicholipiwa maeneo ya Tabata, Segerea au Kimara aseme mapema. Kahawa naleta. Ndoo ya kukalia ninayo.